Nyumba ya Wageni Kule Juu Mlimani



Ukiishi Chalinze, umekulia njia panda. Basi la Tanga au Arusha linakata kona hapa, la Morogoro, Dodoma au Mbeya linanyoosha. Malori yanalala, madereva wanakula, abiria wanashuka dakika kumi, wananunua maji na mahindi ya kuchoma, wanaondoka. Sisi wenyeji tumewazoea wapita njia kiasi kwamba hatuwaoni tena. Unamuuzia mtu soda huku unaangalia basi linalofuata.

Leo nataka tujifunze juu ya nyumba ya wageni. Najua, ukitaja "gesti" mbele ya vijana kuna watu wanaanza kucheka. Tulia kwanza. Nyumba ya wageni imo kwenye Injili, tena mahali pazito. Na mimi sikuielewa nilipokuwa darasani nasoma falsafa. Niliielewa siku nilipowaongoza vijana wa parokia yetu kupanda mlima, nikafanya kosa ambalo mpaka leo likinijia nakosa amani.

Safari yenyewe

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, kiangazi, njia kavu. Tulikuwa vijana ishirini na watatu. Tulikodi Costa, tukatoka Chalinze saa kumi na moja alfajiri, tukapita Ubena, Bwawani, Mikese, Kingolwira, na jua lilipochomoza milima ya Uluguru ilikuwa mbele yetu kama ukuta wa bluu. Ni umbali wa kilomita zipatazo 85 tu, lakini wengi wetu tulikuwa tunaiona milima hii kupitia dirisha la basi miaka yote bila kuikanyaga. Na tunakunywa kutoka kwake: mto Ruvu unaanzia kule, unashuka hadi Pwani, na maji yake yanafika kwenye mabomba ya Dar es Salaam.

Tulikuwa tunakwenda Morningside. Kama hujawahi kupasikia, ni nyumba ya zamani iliyojengwa enzi za Wajerumani kwenye mabega ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro. Utawala wa Wajerumani pale Morogoro uliisha Agosti 1916 Waingereza walipouteka mji, kwa hiyo hesabu mwenyewe nyumba ile imekaa pale miaka mingapi. Wakubwa wa wakati ule walipanda huko kukimbia joto na mbu wa chini. Ilikuwa nyumba ya mapumziko: mgeni anafika amechoka, anapewa kitanda, chakula na baridi nzuri. Siku hizi watu wanapanda kwa ajili ya mandhari. Unasimama pale, mji wote wa Morogoro umetandazwa chini yako kama mkeka.

Kwa mwendo wa kawaida ni kama saa mbili za kupanda. Njia inapita kwenye mashamba ya Waluguru yaliyoning'inia ubavuni mwa mlima, maharage, ndizi, mboga. Tulipishana na akina mama wanaoshuka sokoni na vikapu kichwani, wanatembea kwa kasi kwenye mteremko ambao sisi tunapanda kwa mikono na magoti. Wao wanasalimia, sisi hata pumzi ya kuitikia hatuna!

Kati yetu kulikuwa na binti mmoja mgeni kabisa kwenye kundi. Alikuwa amehamia kwa shangazi yake miezi miwili tu iliyopita. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka nasi. Alivaa ndala, hakuna aliyemwambia avae viatu. Baada ya kama saa moja akaanza kubaki nyuma. Tukamsubiri mara ya kwanza. Tukamsubiri mara ya pili. Mara ya tatu nikaona vijana wamekunja sura, na mimi nilikuwa na ratiba yangu: kufika juu saa nne, Rozari, mada, chakula, kushuka. Binti mwenyewe akasema, "Frateri, nyie tangulieni tu." Nikamjibu, "Basi kaa hapa kivulini, tutakukuta tukirudi." Nikamwachia chupa ya maji iliyobaki nusu. Mwongozaji wetu mwenyeji aliniangalia, hakusema kitu.

Tukafika. Tukashangilia, tukapiga picha, tukaimba nyimbo za Bikira Maria mpaka bonde likaitikia. Kisha nikawakalisha kwenye majani karibu na ile nyumba, nikatoa mada niliyoiandaa wiki nzima. Kichwa chake: "Mwanadamu ni msafiri." Nikamtaja Gabriel Marcel, mwanafalsafa wa Ufaransa aliyeingia Kanisa Katoliki mwaka 1929, na kitabu chake *Homo Viator* cha mwaka 1944, yaani mwanadamu aliye njiani. Nikamtaja Mtakatifu Thoma wa Akwino anayetuita sisi tulio bado duniani wasafiri. Nikamtaja Mtakatifu Teresa wa Avila, aliyefananisha maisha haya na usiku mmoja katika nyumba mbovu ya wageni. Nikawaonyesha kwa mkono ile nyumba nyuma yangu: mnaona, wakubwa walilala hapa, wamepita, sisi nasi tunapita. Nilijisikia nimefundisha.

Nikauliza kama kuna swali. Mvulana mdogo kuliko wote, wa kidato cha pili, akanyoosha mkono. "Frateri, yule dada tumemwacha na nani?"

Sikuwa na jibu. Na mbaya zaidi, kwa muda wa saa nzima na zaidi sikuwa nimemfikiria hata mara moja.

Nyumba iliyopokea

Nilishuka mbio na vijana wawili. Tulipofika pale kwenye kivuli hakuna mtu. Chupa ipo, mtu hayupo. Ndugu zangu, sijui niseme nini. Nilianza kuita jina lake, sauti inatetemeka. Nikaanza kupanga kichwani nitamwambia nini shangazi yake, nitamwambia nini Paroko.

Mtoto mmoja aliyekuwa anachunga mbuzi akatuonyesha nyumba hatua chache chini ya njia. Nyumba ya udongo, mgomba, kuku. Binti yetu alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya moto yenye chumvi, mkononi ana kikombe cha chai na pembeni sahani ya mihogo. Bibi mwenye nyumba alikuwa anajifunga kanga vizuri, anajiandaa kuswali adhuhuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni."

"Bibi, tulikuwa tunamtafuta huyu mwenzetu."

Akatuangalia. "Nimemkuta njiani analia, kidole kinatoka damu. Nikamwuliza uko na nani, akasema niko na wenzangu. Nikaangalia, wenzake siwaoni." Akanyamaza kidogo. "Kwani nyie hamkuwa pamoja?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza tu kama anavyouliza mtu asiyeelewa. Nikatoa noti mfukoni nimpe shukrani, akanirudishia mkono. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. Kisha akatupa na sisi mihogo.

Kule juu kulikuwa na nyumba kubwa iliyojengwa kwa ajili ya wageni, na haikumpa mtu hata maji. Huku chini kulikuwa na nyumba ya udongo ambayo haikujengwa kwa kazi hiyo, na ndiyo iliyopokea.

Luka anatumia maneno mawili

Sasa tuingie kwenye Maandiko. Chukua Biblia yako.

Fungua Luka 2:7. Maria anamzaa Yesu na kumlaza horini, kwa sababu nafasi haikuwepo katika nyumba ya wageni. Halafu fungua Luka 10:34. Msamaria anamfunga majeraha yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, anampandisha mnyama wake na kumpeleka nyumba ya wageni. Biblia zetu za Kiswahili zinaandika "nyumba ya wageni" sehemu zote mbili, lakini katika Kigiriki Luka ametumia maneno mawili tofauti.

Kule Bethlehemu ametumia *kataluma*. Maana yake ni mahali pa kufikia, chumba cha wageni. Wataalamu wengi wa Maandiko wanaona kwamba inaweza kuwa chumba cha wageni katika nyumba ya watu wa kawaida. Neno hilo hilo analirudia katika Luka 22:11, Yesu anapotafuta chumba cha kula Pasaka na wanafunzi wake. Angalia Luka anavyosuka habari yake: alipozaliwa, chumba kilijaa, usiku wa kutuachia Ekaristi, chumba kilipatikana, na yeye aliyekosa nafasi ndiye akawa mwenyeji mezani.

Kwenye habari ya Msamaria Luka ametumia *pandokeion*. Neno hili limetokea mara moja tu katika Agano Jipya lote. Limejengwa kwa maneno mawili, "wote" na "kupokea". Yaani mahali panapopokea wote. Hapaulizwi kabila, wala dini, wala kama unaweza kulipa. Yule majeruhi hakuwa na senti, wanyang'anyi walichukua hata nguo.

Kwa hiyo ukiniuliza nyumba ya wageni ni nini, siku hizi sitakujibu kwa kukuelezea jengo. Nitakuuliza: nani amepokelewa pale? Kama hakuna anayepokelewa, hata kama kuta zimesimama, nyumba imeshakufa.

Dinari mbili

Mababa wa Kanisa walisoma habari hii kwa jicho ambalo sisi tunalisahau. Origene, na baadaye Mtakatifu Augustino, waliona kwamba Msamaria ni Kristo mwenyewe, majeruhi ni mwanadamu, na nyumba ya wageni ni Kanisa.

Sikiliza maana yake. Kristo ndiye aliyemwokota mtu. Kristo ndiye aliyefunga majeraha. Kanisa halikuanza kazi hiyo, Kanisa limeletewa mgonjwa mlangoni na kuambiwa: mtunze huyu. Na limepewa dinari mbili. Dinari moja ilikuwa ujira wa siku moja wa kibarua, kama unavyoona katika Mathayo 20:2. Siyo utajiri, lakini inatosha kuanzia. Na Msamaria akaahidi kurudi na kulipa kilichozidi.

Wengi tukisoma mfano huu tunajiuliza, je, mimi ni kuhani, Mlawi au Msamaria? Kuna mtu mwingine tunamruka: mwenye nyumba. Hana jina, hasemi neno hata moja. Kazi yake ni kufungua mlango, kutandika kitanda, kubadilisha bandeji usiku wakati Msamaria keshaondoka. Mimi naamini huyo ndiye sisi vijana wa parokia. Kila kijana mgeni anayeingia kwenye kundi letu, Kristo ndiye amemleta, na dinari mbili ametuachia. Swali ni tumezifanyia nini.

Mimi siku ile nilizitumia kununua muda wa kufika juu saa nne kamili.

Ni kweli tunapita, lakini

Mada yangu ya kule juu haikuwa na uongo. Sisi ni wasafiri kweli. Waraka kwa Waebrania 13:14 unatukumbusha kwamba hapa hatuna mji wa kudumu. Msafiri anaweza kukosea kwa namna mbili, na mimi nilifundisha moja nikaangukia ya pili.

Kosa la kwanza ni kuigeuza nyumba ya wageni kuwa makao. Petro alikosea hivyo mlimani Yesu alipong'ara sura: akataka kujenga vibanda vitatu wakae pale pale (Luka 9:33). Sisi nasi tunajenga vibanda. Simu mpya, uchumba, cheo kwenye kwaya, hata seminari inaweza kuwa kibanda. Unasahau kwamba ni kituo.

Kosa la pili ni kuitazama safari kama kufika tu. Kileleni ndiyo kila kitu, na aliyebaki nyuma anakuwa kikwazo cha ratiba. Kosa hili ni la hatari kwa watu wanaosali, maana linavaa nguo nzuri. Unamwacha mtu ukiwa na rozari mkononi. Kuhani na Mlawi nao walikuwa na njia yao na pengine na ratiba nzuri.

Cha ajabu ni kwamba Marcel yule yule niliyemtaja kwa majivuno aliandika sana juu ya kitu kimoja ambacho mimi nilikiruka: kuwa tayari kwa ajili ya mwingine, kuwa na nafasi ndani yako ili mtu akija asikukute umejaa wewe mwenyewe. Kwake, mtu anayejishughulikia mwenyewe tu anakuwa kama nyumba iliyojaa. Nilikisoma, nikakijibia mtihani, nikapata alama nzuri. Bibi wa Uluguru hakukisoma, lakini alikuwa na kigoda cha ziada.

Njia hii ina historia

Tusijidharau watu wa Pwani, kazi ya kupokea ni ya kwetu tangu zamani. Barabara tunayoiona leo ina ndugu yake mkubwa: njia ya misafara iliyotoka bara hadi Bagamoyo. Pale Bagamoyo bado lipo jengo la Karavanserai, mahali pa misafara. Wapagazi walifika na mizigo ya pembe za ndovu mabegani. Na pamoja nao walipita ndugu zetu waliofungwa minyororo, ambao hakuna nyumba iliyowangoja isipokuwa soko.

Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo kutoka Zanzibar. Kati ya kazi zao za kwanza ilikuwa kuwapokea watumwa waliokombolewa, na kijiji kikakua kuzunguka misheni. Kutoka hapo Injili ilitembea kwa miguu kwenda Mhonda mwaka 1877, na Mandera, hapa hapa kwenye halmashauri yetu ya Chalinze, mwaka 1881. Imani yetu sisi wa huku ilikuja ikitembea, ikilala njiani, ikipokelewa na watu.

Na kuna habari ya Februari 1874. Akina Susi na Chuma na wenzao walifika Bagamoyo baada ya kuubeba mwili wa David Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo, nchi inayoitwa leo Zambia. Livingstone alikuwa Mprotestanti, na tena alikuwa ameshakufa. Misheni ya Kikatoliki iliupokea mwili, ukapumzika pale kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Fikiria wale wabebaji, miezi mingi njiani, hatimaye mtu anafungua mlango. Hiyo ndiyo *pandokeion*.

Tufanye nini sasa

Nisiwaache na maneno matupu. Mambo manne.

Kwanza, mkipanda mlima wowote, awepo mtu wa mwisho. Kiongozi mmoja mwenye nguvu atembee nyuma kabisa, na kundi liende kwa mwendo wa aliye dhaifu. Waambieni wageni mapema: viatu, maji, kofia. Hakuna anayeachwa peke yake, hata akisema "tangulieni". Mtu akisema "tangulieni", mara nyingi anauliza kama mtakubali.

Pili, fungua kundi lenu la WhatsApp. Nani hajaandika kitu kwa mwezi mzima? Usimwulize mbele ya wote. Mpigie.

Tatu, Jumapili baada ya Misa usikimbilie rafiki zako. Mtafute mtu mmoja aliyesimama peke yake, msalimie, jua jina lake. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 53, inawataka wamonaki wampokee kila mgeni kama Kristo mwenyewe. Sisi tuanze na jina tu.

Nne, kama wewe ndiye uliyemwacha mtu, nenda. Mimi nilikwenda. Yule binti hakuonekana kwenye kundi wiki tatu. Nilipofika kwa shangazi yake nikaomba radhi, bila kujitetea. Akanisikiliza, kisha akasema kitu ambacho nitakwenda nacho mpaka altareni, Mungu akinijalia kufika: "Frateri, kidole hakikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba pale nilipokaa nilikuwa nawasikia mnaimba."

Amenisamehe, anasema. Siku hizi anakuja kwenye jumuiya ndogo ndogo. Kwenye kundi la vijana bado. Simlazimishi. Nimemwambia tu kwamba kuna nafasi yake, na kila mkutano tunaweka kiti kimoja cha ziada.

Maswali ya kutafakari

1. Ni nani katika kundi lenu anayewasikia mkiimba kutoka mbali?
2. Kristo amekuachia "dinari" gani: muda, simu, baiskeli, kicheko, masikio? Umezitumia kwa nani?
3. Je, ndani yako kuna nafasi, au umejaa?
4. Ni nani asiye wa dini yako aliyewahi kukupokea? Umewahi kumwombea?

Tusali

Ee Bwana Yesu, ulizaliwa pasipo na nafasi, na bado umetuandalia nafasi nyumbani kwa Baba. Wasamehe wote tuliokimbilia juu tukawaacha wenzetu kivulini. Mbariki bibi yule na nyumba yake. Zifanye parokia zetu za njia panda ziwe mahali panapopokea wote, mpaka utakaporudi kama ulivyoahidi. Amina.

Wiki njema, na tuonane mezani pa Bwana Jumapili. Ukifika mapema, shika viti viwili.